Kimya cha Sekunde Kumi: Tuliyojifunza katika Kuandaa Masomo ya Sauti na Video

Anayetaka kuandaa somo la video huulizia kamera kwanza. Akishaipata huulizia taa, halafu programu ya kuhariri, halafu slaidi zipakwe rangi gani. Swali zito huachwa hadi mwisho, na wengine hawalifikii kabisa: wakati mimi nasema, mwanafunzi atakuwa anafanya nini? Sisi tunaorekodi masomo na kukaa nayo darasani yanapochezwa tumeona kazi nzuri nyingi zikianguka kwa kukosa jibu la swali hilo, na siku hizi ndilo tunaloanza nalo. Video inaweza kuwa na picha safi na sauti ya kupendeza, darasa likatulia tuli kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kesho yake asipatikane anayeweza kueleza lolote. Utulivu ule ulikuwa wa watazamaji.

Dawa yake ilishapatikana zamani, kwenye redio. Mwaka 1974 ulianza nchini Nikaragua mradi wa kufundisha hisabati kwa redio, uliowahusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford. Redio haina picha, haina kitufe cha kurudisha nyuma, wala haisikii mtoto amejibu nini. Kwa hiyo waandishi wa vipindi waliandika kimya ndani ya skripti: mtangazaji anauliza, ananyamaza, watoto wanajibu kwa mdomo au kwa kalamu, kisha jibu sahihi linatolewa papo hapo. Miaka ya 1980 mbinu hiyo ilitumika Kenya kufundishia Kiingereza katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo, lakini mpangilio ule wa kuuliza, kunyamaza na kujibu ndio tunaoufuata hadi leo, iwe tunaandaa faili la sauti la kutumwa kwa simu au video ya kuonyeshwa kwa projekta.

Kimya kinapimwa kwa saa

Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Alikuta ni kama sekunde 1. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu, na maswali kutoka kwa wanafunzi wenyewe yakaongezeka. Anayerekodi peke yake chumbani hana hata uso wa kumtazama, hivyo hukimbilia jibu upesi kuliko mwalimu aliye mbele ya darasa. Ndiyo maana hatuachi urefu wa kimya uamuliwe wakati wa kurekodi. Tunauandika kwenye skripti kwa tarakimu.

Vipimo vyetu ni hivi. Swali la kukumbuka neno au tarehe, sekunde 5. Swali la kuchagua kati ya majibu matatu baada ya kufikiri, sekunde 10 hadi 15. Hesabu ya hatua mbili au mchoro mdogo, sekunde 30 hadi 45. Kazi inayozidi hapo haifai kuachiwa kimya. Sema wazi, "Simamisha video hapa, ukimaliza endelea," na uweke alama kubwa ya kusimamisha kwenye skrini.

Kimya cha sauti tupu kikizidi sekunde 10 huleta shida nyingine: msikilizaji hudhani faili limekatika au simu imezima, akaanza kubonyezabonyeza. Mwambie muda kabla hujanyamaza: "Una sekunde ishirini." Kisha weka mlio mdogo wa saa au kengele moja mwishoni. Muziki wenye maneno usiwekwe kabisa, kwa sababu mtu akifikiri na huku anasikia maneno mengine, hufuata maneno.

Neno linalotangulia kimya lina uzito wake. Tulizoea kusema "Fikiria," na "fikiria" haiachi alama yoyote. Asiyefikiria na aliyefikiria wote wanaonekana sawa, na jibu likitoka kila mmoja anajiambia kuwa alilijua. Sasa tunasema "Andika A, B au C," "Chora mshale," "Onyesha kwa vidole." Mwanafunzi akishaandika jibu lake amejifunga nalo, na jibu sahihi linapotoka anaona wazi pengo kati ya alichodhani na kilicho kweli. Pengo hilo ndilo analolikumbuka.

Mfano wa dakika tano

Tuchukue somo la sakiti mfululizo, yaani balbu zilizopangwa moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme. Kosa la wanafunzi wengi linajulikana: wanadhani mkondo wa umeme "unaliwa" na balbu ya kwanza, hivyo ya pili inapata mabaki. Somo likianza kwa kutoa kanuni, wataiandika kanuni hiyo daftarini na kuendelea kuamini walichokuwa wakiamini. Sisi tunalipanga namna hii.

Sekunde 0 hadi 25: betri, swichi na balbu moja inayowaka. Msemaji anataja vifaa, basi. Sekunde 25 hadi 45: swichi inazimwa, balbu ya pili inayofanana na ya kwanza inaongezwa kwenye njia ileile, na swali linaulizwa kabla ya kuwasha: "Balbu iliyo karibu na ncha chanya itawaka zaidi ya mwenzake, chini ya mwenzake, au sawa na mwenzake? Andika A, B au C." Halafu kimya cha sekunde 15, mchoro wa sakiti ukiwa umebaki kwenye skrini. Kisha swichi inawashwa, na kwa sekunde 10 msemaji hasemi neno. Balbu mbili zinawaka sawa, na zote ni hafifu kuliko ile moja ya mwanzo. Waache waone kwanza. Maelezo yakija juu ya picha hiyohiyo huwanyima nafasi ya kushangaa.

Baada ya hapo ndipo tunalitaja kosa kwa jina: "Ukiandika A, huenda ulidhani balbu ya kwanza inautumia mkondo na kuubakizia mwenzake kidogo." Amita, kifaa cha kupima mkondo, inawekwa kabla ya balbu ya kwanza, kati ya balbu, na baada ya ya pili, namba ni ileile mara tatu. Swali la mwisho linadai wazo hilohilo katika hali mpya: tukifungua balbu moja na kuitoa, ile nyingine itafanya nini? Kimya cha sekunde 10. Inazimika.

Somo hili fupi lina mitego miwili ambayo haionekani kwenye skripti. Wa kwanza ni balbu zenyewe. Balbu mbili zenye maandishi yaleyale zinaweza kutofautiana kidogo kiwandani, na tofauti hiyo ikionekana kwenye video, mwanafunzi aliyedhani mkondo unaliwa atakuwa amepata ushahidi. Jaribu balbu nyingi kabla ya kurekodi na uchague mbili zinazowaka sawasawa kabisa, kisha badilishana nafasi zake uone kama usawa unabaki. Wa pili ni kamera ya simu. Simu hurekebisha mwangaza yenyewe: balbu zikififia, kamera inaongeza mwangaza, na kwenye video zinaonekana zinawaka kama mwanzo. Somo zima linapotea hapo. Kabla ya kurekodi, bonyeza na kushikilia kidole kwenye skrini mpaka alama ya kufunga mwangaza itokee, na usiiguse tena hadi mwisho wa jaribio.

Urefu wa dakika tano au sita una sababu yake. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za masomo kwenye edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, wakakuta kuwa muda ambao watu hutazama kwa wastani hauvuki dakika 6, hata video ikiwa ndefu namna gani. Wale walikuwa wanafunzi wa peke yao, kila mmoja kwenye kifaa chake. Darasani, mwalimu akiwepo, inawezekana kwenda mbali zaidi, ila hata hapo tunagawa somo la dakika 20 kuwa vipande vinne vinavyojitegemea, maana kipande ndicho kinachorudiwa, kinachotumwa na kinachorekebishwa.

Kuandika kwa ajili ya sikio

Skripti ya Kiswahili ina matatizo yake, na ushauri uliotungwa kwa lugha nyingine hauyagusi. Kitabuni tunaweza kuandika "waya uliounganishwa na betri iliyowekwa kwenye sanduku lililofungwa" na msomaji akarudi nyuma kuangalia. Msikilizaji harudi. Akifika "lililofungwa" ameshapoteza waya. Kata: "Betri iko ndani ya sanduku. Sanduku limefungwa. Waya huu umeunganishwa na betri hiyo." Viashiria navyo, "hiki," "kile," "hapo," vinafaa pale tu ambapo kidole au mshale unaonekana; kwenye sauti peke yake rudia nomino, hata kama sentensi itakuwa nzito kidogo.

Namba ndizo zinazoumiza zaidi. "Elfu mia mbili" na "elfu na mia mbili" zinatenganishwa na silabi moja, na kwenye spika dhaifu silabi hiyo haisikiki. "Nne" na "nane" hugongana vivyo hivyo. Kwenye video, weka tarakimu kwenye skrini wakati inapotajwa. Kwenye sauti, taja namba, nyamaza kidogo, kisha itaje tena kwa kutenganisha tarakimu: "elfu moja na mia mbili, yaani moja, mbili, sifuri, sifuri." Na istilahi ikishachaguliwa isibadilishwe katikati: ukianza na "kani" usihamie "nguvu" kwa ajili ya kupendezesha lugha, kwa kuwa mwanafunzi atadhani ni vitu viwili.

Kwa mwendo wa kufundishia, maneno 90 hadi 100 kwa dakika yanasikika vizuri. Video ya dakika 6 yenye sekunde 90 za kimya inabakiwa na dakika nne na nusu za kusema, yaani maneno 400 hadi 450. Ukurasa mmoja tu. Waandaaji wapya huleta kurasa nne na kuuliza namna ya kusoma haraka.

Sauti hubeba somo

Picha ikiwa na ukungu kidogo watu huvumilia. Sauti ikiwa mbaya, somo limekwisha. Na tiba ya sauti mbaya haiko dukani. Iko kwenye umbali. Weka kipaza sauti, au simu yenyewe, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, upande kidogo, isiwe mbele kabisa, ili pumzi ya "p" na "b" isigonge moja kwa moja. Kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti yako inashuka kwa takriban desibeli 6 huku kelele za chumba zikibaki palepale. Ndiyo sababu mtu anayerekodi simu ikiwa mwisho wa meza husikika kama yuko kisimani.

Mwangwi hutokana na kuta tupu. Tundika blanketi nyuma yako na mbele yako, au rekodi ukielekea kabati lililofunguliwa lenye nguo. Zima feni na jokofu. Weka simu katika hali ya ndege, kwa sababu ujumbe ukiingia mlio wake hautoki tena. Angalia kipimo cha sauti: vilele vichezee kati ya desibeli -12 na -6. Vikigonga 0 sauti inapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha; rekodi upya.

Kabla hujaanza kusema, rekodi chumba kikiwa kimya kwa sekunde 15. Sekunde hizo zina kazi mbili. Kwanza, programu za kuhariri sauti kama Audacity huzitumia kutambua kelele ya kupunguza. Punguza kwa kiasi; ukizidisha, sauti ya mtu inapata mlio wa bati. Pili, na hili wengi hawalijui, ndizo utakazojazia mapengo ya kimya. Ukiweka kimya cha kompyuta kisicho na chochote, sikio linahisi kama umeme umekatika, kwa kuwa hata mvumo mdogo wa chumba umetoweka. Kimya kilichojazwa hewa ya chumba kinasikika kama mtu aliyetulia anakusubiri.

Hatimaye sikiliza kwa kifaa atakachotumia mwanafunzi. Vipokea sauti vizuri vya masikioni hudanganya. Cheza faili kwenye spika ya simu, uiweke mbali hatua tano, ufungue dirisha. Neno usilolisikia hapo, rekodi tena.

Upande wa video kuna tatizo linalowachosha wengi: sauti na mdomo huanza pamoja, lakini kufikia dakika ya nne vimeachana. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) inayopandashuka, na baadhi ya programu za kuhariri hudhani idadi haibadiliki. Geuza faili kwanza liwe la fremu 25 au 30 zisizobadilika kwa sekunde, ndipo uhariri. Kama unarekodi sauti kwa kifaa kingine, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni. Mlio na picha ya kofi vitakusaidia kuoanisha.

Maandishi na picha

Mtafiti Richard Mayer na wenzake wamefanya majaribio mengi kuhusu namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha pamoja. Yale tunayoyatumia kila siku ni machache. Ondoa kisichofundisha: muziki wa chini, michoro ya mapambo, vichekesho vya pembeni. Weka jina la kitu karibu na kitu chenyewe. Orodha ya herufi pembeni humlazimu mtazamaji kwenda na kurudi. Tamka neno wakati picha yake inaonekana, usichelewe. Na usiandike kwenye skrini aya ileile unayoisoma, kwa sababu macho yatasoma kwa mwendo wake na masikio yatasikia kwa mwendo mwingine.

Kanuni hiyo ya mwisho hugongana na mahitaji ya asiyesikia vizuri, na pia ya anayejifunza kwa lugha ambayo bado ni ngeni kwake. Hatuchagui upande. Manukuu, yaani maandishi ya yale yanayosemwa, tunayaweka katika faili la pembeni la aina ya SRT lenye jina lilelile la video, ili anayeyahitaji ayawashe. Mistari isizidi miwili kwa wakati, herufi kama 42 kwa mstari. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo kata mstari mahali penye pumzi. "Ya," "wa" na "cha" zisiachwe peke yake mwisho wa mstari wa juu. Manukuu yanayotengenezwa na kompyuta yenyewe yanaokoa muda, lakini yapitie neno kwa neno, hasa namba, majina na viambishi vya kukanusha. "Yanaganda" ikiandikwa mahali pa "hayagandi," somo limegeuzwa.

Herufi zisiwe chini ya pointi 28 kwenye slaidi. Kipimo cha haraka: fungua slaidi kwenye simu, nyoosha mkono, usichoweza kusoma hapo hakisomeki safu ya nyuma. Na usitofautishe mambo kwa nyekundu na kijani peke yake, kwani wapo wasiozitenganisha rangi hizo. Ongeza mistari au alama.

Uzito wa faili na safari yake

Hesabu ni nyepesi: zidisha kilobiti kwa sekunde mara idadi ya sekunde, gawanya kwa 8, unapata kilobaiti. Video ya slaidi yenye upana wa pikseli 1280 kwa 720, picha ikiwa kilobiti 500 na sauti 64, kwa dakika 6 inatoa 564 × 360 ÷ 8, yaani takriban megabaiti 25. Slaidi hazisogei sana, hivyo 500 zinatosha. Jaribio la maabara lenye mikono inayosogea linahitaji 1000 hadi 1500. Somo la sauti la dakika 10 kwa kilobiti 48, sauti ya njia moja (mono), ni megabaiti 3.6. Lilelile kwa kilobiti 128 ni 9.6, na sikio la mtu anayesikiliza maelezo kupitia simu halioni tofauti ya maana.

Hifadhi kwa faili la MP4, picha zikibanwa kwa mfumo wa H.264 na sauti kwa AAC. Simu mpya nyingi hurekodi kwa H.265, ambayo ni nyepesi zaidi, lakini kwenye vifaa vya zamani hutoa sauti na skrini nyeusi. Majina ya mafaili yaanze kwa 01, 02, 03; ukiandika 1, 2, 3, vifaa vingi vitaweka 10 kabla ya 2, na mwanafunzi ataanza na somo asilolielewa. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ya exFAT inapokea, ila baadhi ya runinga na redio za zamani haziisomi.

Wanafunzi 40 wakitazama mtandaoni kwa pamoja, kila mmoja megabiti 1.5 kwa sekunde, unahitaji megabiti 60 ambazo hazikatiki. Ndiyo maana tunapenda kuhifadhi kila kitu kwenye kompyuta moja iliyo hapohapo. Programu ya Kolibri imeundwa kwa kazi hiyo: inapakuliwa mara moja pamoja na masomo, kisha vifaa vingine vinaifungua kwa kivinjari kupitia ruta isiyo na intaneti. Programu ya Kiwix nayo inabeba Wikipedia nzima kwa njia hiyohiyo. Ruta ya kawaida ya nyumbani hulemewa vifaa zaidi ya 30 vikibonyeza "cheza" kwa wakati mmoja. Waanze kwa makundi, au wapakue jana yake.

Darasani

Kifaa kimoja na skrini moja vinatosha kama mwalimu anasimama kwenye kila kimya. Mpe karatasi moja: dakika ya kila swali, jibu sahihi, makosa mawili yanayotarajiwa na la kusema kwa kila kosa. Asiyekuwa na karatasi hiyo hukaa nyuma na kuiacha video iendelee, na hatumlaumu. Hakuna aliyemwonyesha aingie wapi.

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kutumia mwaka 1991 utaratibu unaofaa sana kwenye mapengo haya. Kila mmoja anajibu peke yake. Kama waliopatia ni kati ya asilimia 30 na 70, wanajadiliana wawili wawili kila mtu akimweleza mwenzake sababu ya jibu lake, kisha wanajibu tena ndipo maelezo yanafuata. Chini ya 30, mjadala hausaidii, rudi kwenye maelezo. Juu ya 70, eleza kwa kifupi na uendelee. Kadi za karatasi zenye A, B, C na D zinafanya kazi hiyo kwa sekunde tano. Upigaji kura wa simu unavutia, lakini hesabu pia dakika za kuingia, nywila zilizosahaulika na chaji zilizokwisha.

Baada ya somo, maswali yarudi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kuwa waliosoma maandishi na kuyasoma tena walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, waliosoma mara moja kisha wakajipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo hatuwatumii wanafunzi video ileile "wadurusu." Tunawatumia maswali mawili kesho yake, mawili baada ya siku tatu, mawili baada ya wiki, na kiungo cha video kinakuja na jibu.

Jaribio la kusahihishwa na kompyuta lina kasoro moja inayoonea watoto: kisanduku cha kuandika jibu. "5 m," "mita 5," "m5" na "tano" yote yanaweza kuwa sahihi, na mashine ikakubali moja tu. Omba namba kwenye kisanduku kimoja na kipimo kichaguliwe kwenye orodha. Majibu ya kupotosha kwenye maswali ya kuchagua yatoke kwenye madaftari ya wanafunzi. Ukiyabuni mwenyewe, yataonekana ya uongo tangu mbali.

Ukitumia kazi ya wengine, soma leseni yake. Leseni za Creative Commons zenye alama ND haziruhusu kusambaza kazi iliyobadilishwa, na kutafsiri au kuweka sauti ya Kiswahili ni kubadilisha. Tafuta BY (taja mwenye kazi) au BY-SA (taja mwenye kazi na usambaze kwa leseni ileile). Na unaporekodi darasa, piga mikono, daftari na vifaa. Sura ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi, na sura ikishasambaa hairudi.

Rekodi kila sehemu ya somo kama faili lake: maelezo, swali, kimya, jibu. Usizichanganye hadi siku ya kutoa nakala ya mwisho, na mafaili ya mradi yahifadhiwe mahali pawili. Kila baada ya kipindi mwalimu aandike kwenye karatasi yake swali lililojibiwa na wote bila shida, na lile ambalo hakuna aliyelielewa. Yote mawili yanabadilishwa. Swali la balbu likihitaji maneno mapya, kazi ni kurekodi sekunde 20 za swali na kupima tena kimya chake, mara hii kwa kuwatazama wanafunzi na kuhesabu ni sekunde ngapi zinapita kabla kalamu ya mwisho haijawekwa mezani.